Kabla hujaandika tawi, jua gari liko tarehe ngapi

Jana nilipitia rasimu ya njia moja ya mchezo wetu wa video, ambao mchezaji huendesha gari mwaka 1978 na kuzungumza na abiria; iliyoileta ni kazi ya mwandishi wetu mpya. Mazungumzo ni mazuri, abiria ana sauti yake, na matawi, yaani mazungumzo yanayogawanyika kwa jibu la mchezaji, yanarudi kwenye shina bila kukwama. Kisha gari, Fiat 127 ya mwaka 1978, linatoka Torino na kuingia Ufaransa kwa handaki la barabara la Fréjus. Handaki hilo lilifunguliwa Julai 1980. Tumempitisha mchezaji ndani ya mwamba! Nilicheka, halafu moyo ukaniuma, maana kosa hilo ni pacha wa kosa langu. Basi wadogo zangu, kaeni tuzungumze.

1. Ramani hufuata mwaka. Mwaka 1978 dereva wa kaskazini mwa Italia mwenye safari ya Ufaransa alikuwa na handaki la Mont Blanc, lililofunguliwa 1965, au barabara za juu milimani kama Moncenisio, ambayo majira ya baridi hufungwa kwa theluji. Chukueni Mont Blanc. Lina urefu wa kilomita 11.6, redio tunaikata, hakuna kona wala mandhari, na abiria hana pa kutazama ila uso wa dereva. Kuna wanaolalamika kwamba handaki linachosha. Mimi sijaona mahali bora pa kuweka swali zito.

Na tafadhali, abiria asiambiwe "funga mkanda". Italia haikulazimisha mikanda mpaka 1989, lakini kila mwandishi mpya huanza nodi ya kwanza, kipande cha kwanza cha mazungumzo, kwa mkanda. Kila mmoja!

2. Usiulize jambo kubwa kwenye kona kali. Macho ya mchezaji yako barabarani, kwa hiyo majibu yawe maneno manne, matano.

3. Tarehe. Hapa nitakaa.

Mradi wangu wa kwanza wa aina hii ulianza safari yake Aprili 1978. Abiria alikuwa binti wa miaka 22 anayeomba lifti nje ya Milano. Anataka kufika Calais, apande feri, aende London kutoa mimba, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na sheria ya kuruhusu tangu 1967 na Italia jambo hilo bado lilikuwa jinai. Niliandika nodi zaidi ya sitini juu ya nguzo hiyo moja. Kisha mchoraji wetu akaomba Agosti: jua kali, miji mitupu ya Ferragosto, sikukuu ya Waitaliano ya katikati ya Agosti, vioo vya gari vimeteremshwa. Picha zake zilikuwa nzuri mno. Nikabadili tarehe kwenye skrini ya mwanzo, nisiguse neno jingine.

Tulimwalika mama mmoja wa Kiitaliano, aliyekuwa msichana miaka hiyo, ajaribu toleo la kwanza. Alipofika kama nodi ya ishirini akavua hedifoni, akaniuliza kwa nini binti huyu haendi hospitali ya kwao. Nikamwambia sheria inamkataza. Akasema sheria namba 194 ilipitishwa tarehe 22 Mei mwaka ule, naye anaikumbuka kwa sababu dada yake alivuka mpaka miezi michache kabla. Nikamjibu kwamba wachezaji hawatagundua.

Nimefanya makosa mengi ya ufundi na karibu yote nimeyasamehe. Hilo la kumwambia mtu usoni kwamba tarehe iliyoigusa nyumba yao ni kitu kidogo, sijaweza. Alinyamaza, akavaa tena hedifoni, akaendelea kucheza.

Marekebisho yalinichukua wiki mbili. Sikurudi Aprili. Niliisoma sheria yenyewe, na hadithi ilikuwa imejificha mle mle: daktari aliruhusiwa kukataa kwa sababu ya dhamiri, na msichana wa chini ya miaka 18 alihitaji ridhaa ya wazazi, au la, ruhusa kupitia kwa hakimu. Abiria wangu akawa na miaka 17. Sasa alikuwa na baba, hakimu na daktari, na sababu tofauti ya kumkwepa kila mmoja wao. Dereva akapata maswali ya kweli ya kuuliza.

Lakini tawi moja lilinikwepa. Tulikuwa na njia inayofunguka mchezaji akinyamaza mara tatu mfululizo, na sisi sote wakati wa kujaribu tulikuwa tunabonyeza majibu. Humo, baada ya handaki, binti bado alisema kwamba kwao hakuna sheria ya kumsaidia. Mchezo ukatoka hivyo. Aliyefika hapo wa kwanza ni mama yule yule. Aliniandikia kwamba safari hii aliamua kumwacha msichana aseme, yeye asikilize tu.

Tangu hapo kila nodi yangu inayotaja sheria, habari au bei ina kigezo cha tarehe. Na kila toleo linachezwa na mtu mmoja asiyejibu chochote mpaka mwisho.

4. Redio nayo iwe na kalenda. Safari yetu mpya ni ya Agosti 1978, kwa hiyo shikeni hili: Papa Paulo VI alifariki tarehe 6, na Yohane Paulo I akachaguliwa tarehe 26. Gari likiondoka siku ya Ferragosto yenyewe, tarehe 15, hakuna papa, na abiria mcha Mungu hawezi kuacha kulitaja hilo.

5. Si kila abiria amzungumzie Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani wa Italia. Ndiyo, alitekwa 16 Machi na mwili wake ukakutwa 9 Mei ndani ya Renault 4 katikati ya Roma; siku 55 nzito. Lakini mwezi uliofuata Italia iliifunga Argentina 1-0 kwao kwenye Kombe la Dunia, na watu garini huzungumza mpira, mshahara, mama mkwe. Moro atajwe mara moja, na mtu ambaye hukumtarajia.

Na wewe wa Fréjus: usifute maneno ya abiria kuhusu viatu vya mama yake. Ni mazuri sana. Yahamishie Mont Blanc, kilomita ya saba hivi, redio ikiwa imeshakatika.