Dirishani kwa mfamasia: maswali yenu

*Bahasha imeandikwa 1×3. Mume wangu anameza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni, apate kwenda kucheza bao. Kuna ubaya?*

Upo. Hiyo 1×3 ni kidonge kimoja kila baada ya saa 8. Kwa ratiba yake mwili unakaa saa 14 bila dawa, na kama ni antibayotiki, hapo ndipo vijidudu vinapopumua. Ameze saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Bao aendelee nalo.

*Mama ana presha. Akijisikia vizuri anaacha dawa, kichwa kikimuuma anameza.*

Presha haipigi hodi. Mtu ana 180 kwa 110 na anasukuma chapati huku anaimba. Kipimo ni mashine, si kichwa.

Lakini kabla hujamgombeza, muulize taratibu kwa nini anaacha. Huenda hela imekwisha. Huenda miguu inavimba, maana amlodipini, moja ya dawa za presha, ina tabia hiyo. Kuna bibi tuliyehangaika naye miezi: nyumbani anameza vizuri, kliniki presha iko juu, daktari anaongeza dawa. Siku moja akaninong'oneza kwamba siku za kliniki hamezi chochote, kwa sababu kile kidonge cha kukojoa kinamuaibisha kwenye daladala. Kumbe presha tuliyokuwa tunaipima ni ya siku aliyoacha dawa! Tulimweleza daktari, kidonge kile kikahamishiwa mchana, akirudi nyumbani. (Muda wa dawa usiuhamishe mwenyewe.)

*Mtoto kameza dawa ya mseto ya malaria, katapika palepale.*

Ikiwa nusu saa haijapita, mpe tena kipimo kilekile, kisha urudi kituoni wakufidie, kwa kuwa vipimo 6 vya siku 3 vimehesabiwa. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, mseto unafyonzwa vizuri zaidi. Akitapika tena usirudie nyumbani, mpeleke haraka.

*Natumia insulini na sina friji.*

Mtungi unatosha. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, uloweshe maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi. Kichupa kikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, pasipo jua. Kikishafunguliwa, kwa kawaida mwisho wake ni wiki 4. Na ukiazima friji ya jirani, usikiweke kwenye barafu: insulini iliyoganda inatupwa, hata ikiyeyuka.

*Nimeanza dawa za TB, mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa. Niache?*

Usiache. Ni rangi ya rifampisini, moja ya dawa hizo za TB, hata jasho na machozi huchukua. Macho yakiwa ya manjano, hapo wahi kituoni siku hiyohiyo. Na kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango, waambie: rifampisini inavipunguza nguvu, utahitaji njia nyingine.