Peptidi ya HRP2 imefanya ukungu kwenye PBS: je, imeharibika?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafanya kazi maabara ya hospitali hapa Lindi, na ninamalizia utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu kingamwili za vipimo vya haraka vya malaria. Niliagiza peptidi (kipande kifupi cha protini) ya HRP2, protini ya kimelea cha malaria. Ina asidi amino 18, yaani AHHAHHAAD mara mbili (A ni alanini, H histidini, D aspateti), miligramu 1, usafi asilimia 95. Ilitoka Dar es Salaam kwa basi, bila barafu. Nilipotia PBS, yaani maji ya chumvi yenye fosfeti, maji yakawa meupe kama yaliyooshea mchele. Nikazungusha kwenye sentrifuji, nikapima maji ya juu kwa nanomita 280, nikapata karibu sifuri. Je, joto la njiani limeiharibu, au nimeuziwa unga usio na kitu? Na kwa huu umeme wetu wa kukatika, niihifadhi vipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimwage hiyo tyubu, wala usiichuje. Kwa maelezo yako, sioni dalili kwamba peptidi imeharibika. Tatizo liko kwenye bafa uliyoitilia, yaani hiyo PBS inayoshikilia pH isibadilike, na kipimo ulichotumia hakina uwezo wa kuiona.

Safari ya basi tuiweke pembeni. Unga uliokaushwa kwa kugandishwa huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida, mradi kifuniko kimefungwa vizuri. Tena mfuatano wako hauna sisteini, methionini wala triptofani, ambazo ndizo huwahi kushambuliwa na oksijeni. Ingekuwa na sisteini ningekuuliza maswali mengi zaidi.

Ile sifuri nayo isikutishe. Mwanga wa nanomita 280 hufyonzwa hasa na triptofani na tirosini. Wewe una alanini 8, histidini 8 na aspateti 2. Hakuna hata moja inayoufyonza mwanga huo kwa kiasi cha kusomeka. Ungeweza kuwa na peptidi tele majini na mashine bado ikaandika sifuri. Kipimo cha Bradford pia hakitakufaa, maana rangi yake hushika peptidi fupi vibaya sana. Pima kwa nanomita 214, ambako vifungo vya peptidi vyenyewe na histidini hufyonza mwanga. Kwa mfuatano wako, hesabu inatoa mgawo wa ufyonzaji wa karibu 57,000 kwa mola kwa sentimita, kwa hiyo mikromola 10 kwa lita itasoma karibu 0.57. Tumia kyuveti (kichupa cha kupimia) ya kwatsi, kwa sababu plastiki huuzuia mwanga huo. Kama umetumia asidi asetiki, ambayo nitaieleza hapa chini, nayo hufyonza kwenye 214, hivyo punguza sampuli kwa maji mara 100 na uhakikishe kipimo tupu, yaani kile kisicho na peptidi, kina kiasi kilekile cha asidi.

Ukungu unahitaji maelezo marefu kidogo. Histidini hubeba chaji chanya kukiwa na asidi ya kutosha. Ikifika karibu na pH 6, nusu yake imeshapoteza chaji. PBS ina pH 7.4. Kwa hiyo histidini zako nane, ambazo zingefanya molekuli zisukumane na kutawanyika majini, karibu zote zimebaki bila chaji. Ncha mbili za peptidi, kama hazikufunikwa, zinafutana. Zimebaki aspateti mbili peke yake, na hazitoshi kuzuia molekuli zisishikamane. Ukichuja ukungu huo unatupa peptidi yenyewe.

Irudishie asidi. Tia asidi asetiki ya asilimia 10, maikrolita chache kila mara, ukitikisa taratibu na kugusisha kitone kidogo kwenye karatasi ya pH, hadi ufike kati ya 4 na 5. Natarajia maji yatakata ukungu. Usipashe moto, na usikimbilie kiyeyushi cha DMSO. Hiyo ni ya peptidi zinazokataa maji, na yako si ya aina hiyo. Ukifungua tyubu nyingine, anza na maji safi ya maabara, ongeza asidi kidogo kama haijayeyuka, na PBS ije mwisho, wakati unapunguza kwenda kiwango cha kazi.

Sasa hesabu, na hapa naomba usome polepole kwa sababu makosa yake hayaonekani kwa macho. Usafi wa asilimia 95 unamaanisha kwamba katika peptidi zilizomo, 95 katika kila 100 ni ile uliyoagiza. Hauhesabu chumvi wala maji yaliyomo kwenye unga. Peptidi nyingi husafishwa kwa kutumia asidi ya trifluoroasetiki, TFA, na asidi hiyo hubaki imeshikamana na kila sehemu yenye uwezo wa kubeba chaji chanya. Yako ina sehemu tisa: histidini nane na ncha ya mwanzo. Peptidi ina uzito wa molekuli wa karibu 1,914. TFA tisa, kila moja 114, zinaongeza 1,026. Zikishikwa zote, peptidi halisi ni asilimia 65 tu ya unga, hata kabla ya kuhesabu maji. Katika miligramu yako 1, peptidi unayoitaka itakuwa karibu miligramu 0.62, sawa na mikromola 0.32. Ukitaka milimola 1 kwa lita, jumla ya ujazo iwe maikrolita 320. Ukiamini lebo utafika 520, na kila matokeo yako yatakuwa ya kiwango cha chini kuliko unachoandika. Tazama kwenye cheti cha uchambuzi kama kiasi halisi cha peptidi kimetajwa. Kama hakimo, mwandikie muuzaji umwombe, kisha linganisha na usomaji wako wa 214.

Nasisitiza hili kwa sababu kazi yako ina uzito huku kwetu kusini. HRP2 hutolewa na Plasmodium falciparum, na marudio kama hayo ya AHHAHHAAD ndiyo hunaswa na kingamwili za vipimo vingi vya haraka katika zahanati, kuanzia Liwale hadi Newala. Tangu mwaka 2010, ilipoonekana Peru kwamba vipo vimelea visivyo na jeni la hrp2, vipimo hivi vimekuwa vikiangaliwa kwa jicho kali. Namba zako zikipotoka kwa theluthi moja, ulinganisho wote wa kingamwili umepotoka.

Kuhusu kuhifadhi, unga mkavu ukae nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani ya mfuko wenye vifyonza unyevu. Umeme ukikatika saa chache hautaudhuru. Adui mkubwa zaidi ni hewa ya pwani yetu: ukifungua tyubu ikiwa bado baridi, unyevu wa hewa unageuka matone ndani yake, na chumvi ya TFA hunywa maji kwa pupa. Iache ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa, izungushe kidogo unga ushuke chini, ndipo ufungue. Usijaribu kupima sehemu ya miligramu 1 kwenye mizani. Yeyusha yote kwa mara moja.

Iliyoyeyushwa igawe kwenye tyubu za maikrolita 20, na kila moja itolewe barafu mara moja tu. Ziweke katikati ya friza, mbali na mlango, zikizungukwa na chupa za maji yaliyoganda. Friza inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai, kwa kuwa hupandisha joto kila mara.

Jambo la mwisho, kabla hujapaka peptidi kwenye sahani ya ELISA, kipimo cha kuona kama kingamwili imeshika. Peptidi iliyopunguzwa sana hunata kwenye kuta za tyubu, na wengi huongeza albumini ya ng'ombe kuzuia hilo. Wewe usiiongeze kwenye mchanganyiko wa kupaka, itachukua nafasi za peptidi kwenye plastiki. Na peptidi fupi kama hii mara nyingi hushika sahani vibaya, au hulala upande unaoficha sehemu inayotafutwa na kingamwili. Ukiagiza tena, omba iwekewe biotini kwenye ncha moja, utumie sahani zenye streptavidini, protini inayoinasa biotini kwa nguvu.