Kabla ya Kumchagua Mwenzako wa Badminton

Kwa miaka kumi na mmoja nilicheza badminton ya wawili wawili jijini Dar es Salaam, na minane kati ya hiyo nilikuwa na mwenzangu mmoja. Siku hizi nafundisha vijana jioni baada ya kazi, na mara nyingi mzazi hunifuata ukumbini kuniuliza iwapo mwanawe, ambaye anapiga kinyoya, yaani kile kipira chenye manyoya kinachorushwa kwa raketi, kwa nguvu kuliko wenzake wote, anaweza kuufanya mchezo huu kuwa kazi yake. Huwa namuuliza kwanza kijana anacheza na nani. Wengi hushangaa, kwa sababu wanadhani mchezaji hujengwa peke yake, kisha hutafutiwa mtu wa kusimama naye uwanjani.

Ninapotaka kueleza ninachomaanisha, humtaja Hendra Setiawan wa Indonesia. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2007 na bingwa wa Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008 akiwa na Markis Kido. Mwaka 2012 alianza kucheza na Mohammad Ahsan, naye wakatwaa ubingwa wa dunia mwaka 2013, 2015 na tena 2019, siku ambayo Hendra alitimiza miaka thelathini na mitano. Alistaafu mwanzoni mwa 2025 akiwa na umri wa miaka arobaini. Katika mchezo ambao wengi huanza kuporomoka wakifika thelathini, hayo ni maisha marefu mno, na sababu yake inaonekana kwa yeyote anayemtazama kwa makini: wenzake, Kido na baadaye Ahsan, ndio waliokuwa wakiruka na kushindilia kinyoya kutoka nyuma, naye alikaa mbele karibu na wavu, akisoma mkono wa mpinzani na kukatiza mapigo kabla hayajapita.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana ni kwamba ajifunze kazi ya mbele mapema, hata kama leo nguvu zake zinamtosha kushinda mechi za shule. Nguvu za bega na goti hupungua. Uwezo wa kuanzisha vizuri, yaani kupiga pigo la kwanza la kila pointi, na kupokea vizuri haupungui upesi. Tangu 2018 sheria inataka kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni wakati mwanzishaji anapokigusa, na kwa hiyo aliye mrefu hana tena nafuu aliyokuwa nayo zamani. Kinyoya kinatakiwa kupita juu kidogo tu ya wavu na kuangukia karibu na mstari wa mbele, ambao uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu. Kikipanda kiganja kimoja tu zaidi ya hapo, mpokeaji mzuri anakishambulia na pointi imekwisha. Vijana wangu huanzisha mara mia moja kila siku ya mazoezi, nao hulalamika kwamba inachosha. Nawaelewa, lakini sijawapunguzia hata mara moja.

Ushauri wa pili nimeulipia mwenyewe. Mimi na mwenzangu tuliachana katika mwaka wetu wa tano, baada ya kupoteza nusu fainali ambayo tulikuwa tukiongoza kwa pointi sita katika seti ya tatu. Vinyoya vinne vya mwisho vilianguka katikati yetu. Kila mara nilimtazama yeye, naye akanitazama mimi, na baada ya mechi tulipanda daladala mbili tofauti bila kuagana. Kwa muda mrefu niliamini kwamba yeye ndiye aliyekosea. Ukweli ni kwamba katika miaka mitano yote hatukuwahi kukaa chini na kukubaliana ni nani mwenye kinyoya cha katikati tunapojilinda, kwa kuwa kila mmoja wetu alidhani jambo hilo linajulikana. Tuliporudiana, mwaka mmoja na nusu baadaye, tulianza na hilo kabla ya kushika raketi: yule aliye mkabala na mpigaji analinda mstari wa pembeni, na aliye mshazari naye anasogea ndani kulinda katikati. Ni kanuni ambayo makocha wengi huifundisha. Kuijua hakukutusaidia hadi tulipoitamka kwa vinywa vyetu na kila mmoja akakubali kwamba akishindwa kuitimiza atasema mwenyewe, pale pale, bila kusubiri kuulizwa.

Tangu hapo nimewazuia vijana wangu kuzungumzia makosa ndani ya nusu saa baada ya kushindwa. Wanapeana mikono, wanakunywa maji, wanakunja vifaa vyao. Mazungumzo hufanyika kesho yake, na anayeanza husema kwanza kosa lake.

Kuachana kwenyewe si aibu, na wakati mwingine ni lazima. Ahsan na Hendra walitolewa katika hatua ya makundi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kisha kila mmoja akaenda zake: Hendra akacheza na Tan Boon Heong wa Malaysia, na Ahsan akafika fainali ya dunia mwaka 2017 akiwa na Rian Agung Saputro. Waliungana tena mwaka 2018. Machi 2019 walishinda mashindano ya All England huko Uingereza, fainali ambayo Hendra aliicheza akiwa na maumivu ya msuli wa shavu la mguu, baada ya kupoteza seti ya kwanza kwa 11-21. Naamini wasingerudi pamoja kama wangeachana kwa matusi. Mchezaji anayefikiria kumwacha mwenzake anapaswa kumwambia ana kwa ana, mapema, kabla habari haijamfikia kwa njia ya kocha au rafiki. Anapaswa pia kukumbuka kwamba alama za orodha ya dunia huhesabiwa kwa jozi, si kwa mtu mmoja mmoja, na jozi mpya inalazimika kujenga alama zake upya.

Kuhusu fedha nitasema machache. Zawadi ya mabingwa wa wawili wawili katika mashindano makubwa ni kubwa kidogo tu kuliko ya bingwa wa mchezaji mmoja mmoja, na inagawanywa kwa watu wawili. Mashindano madogo, ambako wachezaji wengi wa Afrika Mashariki huanzia, hayarudishi hata nauli. Andikeni makubaliano kwenye karatasi kabla ya safari ya kwanza: nani analipa nini, mtafanya nini mmoja akiumia baada ya tiketi kununuliwa. Na kijana asiache masomo. Nimewaona wawili walioacha, na wote walikuwa bora kuliko mimi.

Mwili nao unahitaji uangalizi ambao vijana huudharau. Kifundo cha mguu na kano ya kisigino ndivyo nilivyoona vikiumia zaidi, hasa ukumbini ambako sakafu ni saruji iliyopakwa rangi, na kwa sababu hiyo viatu ni mahali pabaya pa kubana matumizi. Wale waliokwisha kustaafu na bado wanacheza jioni wapime moyo na shinikizo la damu. Markis Kido alifariki Juni 2021 akiwa na umri wa miaka 36, baada ya kuanguka wakati akicheza badminton. Niliposikia habari ile nilimpigia simu mwenzangu wa zamani usiku uleule, na wiki iliyofuata tulikwenda kupima pamoja. Yeye aliambiwa shinikizo lake liko juu. Sasa anatumia dawa, na kila Jumamosi asubuhi tunacheza seti mbili za taratibu, yeye akiwa mbele na mimi nyuma.