Re: Kuhamisha barua pepe na alamisho kutoka Ubuntu hadi Mint

Dada, pole kwa wasiwasi. Umeuliza kama barua za miaka sita na alamisho zako zitapotea ukitoka Ubuntu 22.04 kwenda Linux Mint (zote ni mifumo endeshi ya kompyuta). Hazipotei, mradi unakili kabla ya kufuta chochote.

Funga kabisa Thunderbird (programu ya barua pepe) na Firefox (kivinjari). Fungua folda yako ya nyumbani, bonyeza Ctrl+H, na zile zinazoanza na nukta zitatokea. Barua zimo ndani ya .thunderbird, inakili nzima. Firefox ndiyo huchanganya watu: kwenye Ubuntu hiyo huja kama snap (kifurushi cha programu chenye folda yake), kwa hiyo alamisho zimo snap/firefox/common/.mozilla, katika faili iitwayo places.sqlite. Ukifika Mint, hiyo .mozilla iweke moja kwa moja nyumbani. Firefox ikifunguka tupu, andika about:profiles pale juu kwenye sehemu ya anwani, uchague profaili (folda ya data zako) ya zamani.

Chunga flashi unayonakilia. Hapa Kondele, Kisumu, nilimsaidia jirani, faili yake ya Inbox ikagoma katikati: ilikuwa GB 5, na flashi ya FAT32 (namna ya kupanga faili kwenye diski) haipokei faili ya kuzidi GB 4. Tulipoiformati flashi upya kwa ext4, namna ya Linux ya kupanga faili, ikaingia. Na flashi yako uitunze, kwa sababu nywila ulizohifadhi zimo humo pia.

Usifute data ya zamani mpaka ufungue barua moja ya kale yenye kiambatisho, ukione kwa macho yako.