Je, msonobari wa Sweden utakua Sengerema?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mwalimu mstaafu, nina ekari 3 za kilima chenye mawe kinachotazama ziwa hapa Sengerema. Mwanangu anayesoma Sweden ameahidi kuniletea mbegu za msonobari wa huko, ambao nasikia una mbao nzuri na hauchagui udongo. Je, nipande? Na kwa nini miche ya mbegu za mti mmoja hutofautiana sana kitaluni?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nakushauri usiupande, na katika sababu zake limo pia jibu la swali lako la pili.

Mti huo ni msonobari wa Uskoti, ambao wataalamu huuita Pinus sylvestris, na hakuna jamii nyingine ya paini (ndiyo misonobari) iliyoenea eneo kubwa kama lake, kuanzia Uskoti na milima ya Hispania hadi mashariki ya Siberia. Sifa ulizozisikia ni za kweli. Huvumilia mchanga mkavu na miamba, na viwanda vya mbao na karatasi vya Sweden na Finland huutegemea sana. Kilima chako kisingeushinda. Kitakachoushinda ni urefu wa siku zetu.

Miti ya kila sehemu ya eneo hilo imerithi namna yake ya kupima mwanga. Mjini Stockholm mchana wa Juni huzidi saa 18, ilhali Mwanza tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima haifiki dakika 20. Mche wa kaskazini ukiona usiku umerefuka, hufunga kichomozo cha ncha, yaani chipukizi la juu, kwa magamba ya kahawia ukijiandaa kwa theluji, kisha husubiri majuma mengi ya baridi kali ndipo uamke. Kwa mche kama huo, mchana wetu wa saa 12 ni dalili kwamba majira ya baridi yamekaribia, na baridi ya kuuamsha haitakuja kamwe. Mbegu zingeota vizuri, ungefurahi, halafu miche ingedumaa ndani ya viriba. Kwamba tabia hizi ni za kurithi si jambo jipya: katika miaka ya 1820, Mfaransa Vilmorin, mtaalamu wa mimea, alianza kupanda mbegu za mti huu kutoka sehemu mbalimbali katika shamba lake la Les Barres, na miti iliyoshiriki udongo mmoja ikakua kwa maumbo tofauti, kila kundi likifuata asili yake.

Ama kuhusu miche kutofautiana, msonobari hubeba koni za kiume na za kike kwenye mti uleule, na chavua husafirishwa na upepo, kila punje ikiwa na vifuko viwili vya hewa. Mbegu za koni moja zinaweza kuwa na baba wengi. Msonobari wa Uskoti hukawia hata baada ya hapo, kwani kati ya chavua kutua na yai kurutubishwa hupita takribani mwaka mzima. Mti uliosimama peke yake hujichavusha wenyewe, na matokeo yake ni mbegu nyingi tupu na miche dhaifu, kwa hiyo nakuomba sana usikusanye mbegu kwenye paini moja iliyo pekee uwanjani, hata ikiwa imenyooka namna gani.

Kwa mwinuko wetu wa mita 1,134 na zaidi kidogo, chagua Pinus caribaea, inayozoea joto, badala ya Pinus patula ya nyanda za juu kama Sao Hill. Nenda ukajionee mashamba ya miti ya Buhindi, hapo jirani, na Rubya kule Ukerewe, uulize mbegu zao zimetoka wapi kabla ya kuuliza bei. Mwanao naye asije na mbegu mfukoni bila kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwani magonjwa husafiri nazo.

Ukiwa kwenye mashamba hayo, omba udongo kidogo wa chini ya paini zilizokomaa, uuchanganye na wa viriba vyako. Una kuvu wanaoishi na mizizi na kuisaidia kunyonya fosforasi, na paini bila wao hugeuka njano. Baada ya miezi michache chana kiriba kimoja utazame: vijizizi vifupi vilivyogawanyika kama panda ya manati, vikiwa na utando mweupe, vinaonyesha kwamba kuvu wameshika.