Barua kwa mwanangu: wimbo wa kuondokea

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya mwisho kwa miwani ya mama yako, maana yangu imekatika mkono. Unasema binti wa filamu yako fupi anaondoka kwao kwa pikipiki, haongei, na unataka muziki utakaomwambia mtazamaji kwamba sasa yuko huru na ameanza kujijua. Uweke wimbo gani? Umemuuliza dereva mstaafu. Nadhani ni kwa sababu ya zile kanda.

Basi nianzie hapo. Nilipokuwa naendesha basi la Tanga kwenda Dar, tukitoka stendi abiria walitaka ngoma ya kuchangamka, na utingo alijua kanda gani ya kupachika. Lakini tukishavuka mto Wami, watu wote kimya, kila mtu na dirisha lake, nilikuwa naizima redio. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa ikumbuke ile filamu ya Senegal tuliyoitazama kwenye kompyuta yako Idi ya mwaka juzi, mama yako akalala kabla ya nusu. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1973. Kwa Kiwolofu ni safari ya fisi. Mory, mchunga ng'ombe wa zamani, ana pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe mbele, pembe zimetanda. Anta ni mwanafunzi wa chuo. Wanahangaika Dakar, mara waibe hiki, mara kile, wapate nauli ya meli ya kwenda Ufaransa. Na kila mara inarudi sauti ya Josephine Baker: Paris, Paris, Paris. Ulichukia, ukasema, "Baba, santuri imekwama."

Imekwama kweli, na aliyeikwamisha alikusudia. Wimbo unasifia safari lakini wenyewe hausogei, kama wale wawili wanavyozunguka mji uleule. Na sikiliza nani anaimba. Baker alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa St. Louis, Missouri, 1906. Alifika Paris mwaka 1925, ikampokea, na mwaka 1937 akawa raia wa Ufaransa. Kwa hiyo hadanganyi hata kidogo, anaimba alichokiona. Lakini anayesikiliza ni kijana wa Dakar, miaka 13 tu tangu bendera ya Mfaransa ishushwe kwao, naye anaambiwa pepo iko kwa Mfaransa yuleyule! Wimbo mtamu, ila ni nguo ya kuazima. Mory anaivaa na kutembea nayo kwa maringo, haimkai.

Wamarekani walifanya vingine katika filamu yao Easy Rider, 1969. Jamaa anavua saa ya mkononi, anaitupa, pikipiki zinashika njia na nyimbo za roki zinapiga. Inasisimua, sikatai. Lakini pale muziki unakubaliana na barabara kwa kila kitu, na ukiufuata utapata binti anayefanana na tangazo la soda.

Kwenye Touki Bouki yupo pia yule shangazi, anayeigizwa na Aminata Fall, mwimbaji hasa, wa Saint-Louis ya kwao Senegal. Mwanzoni anamtukana Mory kwa deni. Mory akijiota amerudi tajiri ndani ya suti, shangazi huyohuyo anamwimbia sifa. Nilicheka peke yangu. Hata mimi ningeinuka nikamtunze.

Halafu bandarini. Anta amepanda. Mory yuko kwenye ngazi, mara anageuka na kukimbia kurudi mjini. Baker hayupo hapo kumsindikiza. Kuna honi ya meli, na wale ng'ombe. Rudi mwanzo wa filamu utaelewa: mtoto juu ya ng'ombe, filimbi ya wachungaji, kisha mngurumo wa injini unakuja na kuimeza ile filimbi. Mory ni yule mtoto. Sikio lake lilimjua kabla yake. Kama huo ni uhuru, ni mchungu, maana pikipiki yenyewe anaikuta imevunjika.

Kwa hiyo usianze kutafuta wimbo, mama. Kwanza niambie binti yako amekua akisikia nini ndani ya nyumba ile. Cherehani? Redio ya jirani ukutani? Mpe wimbo wa kuazima anapotoka, wa kwenye simu yake, upeperushwe na upepo nusu asikie nusu asisikie. Akifika mbali azime injini. Kitakachosikika hapo ndicho ukakirekodi kwa makini, hata kama ni cherehani ya mtu mwingine.

Kanda zangu zimo kwenye sanduku chini ya kitanda, ukija Tanga chukua uzitakazo. Ile yenye karatasi ya bluu iache, ni ya mama yako.

Baba yako