Usisubiri Bango: Namna ya Kuingia Kwenye Matukio ya Sanaa na Kujitolea Jijini Kwako

Msimu wa matamasha ukikaribia, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Hivi wewe hizi habari huwa unazipata wapi?" Anayeuliza mara nyingi ameliona bango siku tatu kabla ya onyesho, akakuta tiketi zimekwisha na nafasi za kujitolea zimejaa zamani. Jibu langu humvunja moyo kidogo kwa kuwa halina siri yoyote: sisubiri bango. Bango ni karibu kitu cha mwisho kutengenezwa. Likishabandikwa, ujue ukumbi umeshalipiwa, wasanii wameshapangwa na zamu zimeshagawanywa. Kama unataka kiti tu, bango linaweza kukutosha ukiliwahi. Kama unataka kushika kazi, kuwajua watu na kuona sanaa inavyopikwa, lazima uwe umebisha hodi mapema zaidi.

Na mapema hiyo si ya kubahatisha. Sehemu kubwa ya matukio ya utamaduni mjini hutabirika, kwa sababu zipo siku za kimataifa ambazo tarehe zake hazihami. Makumbusho, maktaba, vituo vya utamaduni na vikundi vya maigizo huzing'ang'ania siku hizo, kwani zinawapa sababu ya kuomba ufadhili na kualika waandishi wa habari. Mimi huziandika kwenye kalenda mwaka unapoanza, kisha kwa kila tarehe narudi nyuma miezi miwili na kuweka alama nyingine. Hiyo alama ya pili ndiyo yenye kazi. Ndipo waandaaji wanapoanza kujikuna kichwa wakihesabu watu walionao.

Tuzipitie. Tarehe 21 Februari ni Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, inayoadhimishwa tangu mwaka 2000. Jumuiya za wahamiaji na shule hupenda kuandaa usomaji wa hadithi siku hiyo. Tarehe 21 Machi ni Siku ya Ushairi, na siku sita baadaye, tarehe 27, ni Siku ya Tamthilia Duniani. Hii ya tamthilia naipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Ilianza mwaka 1962 chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Tamthilia, na karibu kila mwaka mtu mmoja wa sanaa hupewa heshima ya kuandika ujumbe unaosomwa kwenye kumbi za dunia nzima. Wa kwanza alikuwa Mfaransa Jean Cocteau. Wole Soyinka wa Nigeria aliandika wa mwaka 1986, na mwaka 2011 zamu ilimwangukia Jessica Kaahwa wa Uganda. Sasa fikiria: ujumbe huo hutoka kabla ya siku yenyewe, na unahitaji mtu wa kuutafsiri na mtu wa kuusoma kabla pazia halijafunguliwa. Kikundi kidogo cha maigizo hakina mtu wa kazi hiyo. Ukijitokeza na tafsiri safi ya Kiswahili mkononi, mkurugenzi atakukumbuka kwa miaka.

Aprili ndio mwezi wenye msongamano. Siku ya Sanaa Duniani ni tarehe 15, iliyochaguliwa kwa sababu ndiyo aliyozaliwa Leonardo da Vinci. Siku ya Vitabu ni tarehe 23, Siku ya Dansi tarehe 29, na Siku ya Jazi tarehe 30. Hizi mbili za mwisho zimebanana kiasi kwamba fundi sauti yule yule anaweza kulala kwenye viti vya ukumbi. Baada ya hapo ni tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, iliyoanzishwa mwaka 1977 na baraza la kimataifa la makumbusho. Makumbusho mengi huondoa kiingilio siku hiyo. Watu humiminika, na wafanyakazi waliozoea wageni wachache kwa saa wanajikuta na foleni hadi barabarani. Hapo mtu wa kujitolea ni dhahabu.

Tarehe 21 Juni ni Sikukuu ya Muziki. Ilizaliwa Ufaransa mwaka 1982 na sasa inafanyika katika nchi zaidi ya 100. Kanuni yake ni nyepesi: muziki uchezwe hadharani, bure, na asiye na jina apate nafasi sawa na mwenye jina. Kwa mwenye gitaa chumbani na aibu nyingi, sijui siku nyingine iliyo bora kuliko hii. Tarehe 7 Julai inatuhusu sisi wenyewe: Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Popote ulipo, kama jiji lako lina watu wanaozungumza Kiswahili na halina shughuli siku hiyo, hilo si pengo la kulalamikia. Chukua ukumbi mdogo, tafuta malenga wawili na watoto wa kuimba, na tukio limepatikana.

Kuhusu siku za kujitolea zenyewe nina maoni ambayo si kila mtu atayapenda. Siku ya Mandela, tarehe 18 Julai, huwahimiza watu watoe dakika 67 za muda wao, kila dakika kwa mwaka mmoja ambao Mandela aliutumia kupigania haki. Wazo ni zuri. Lakini dakika 67 zinatosha kupaka rangi ukuta mmoja na kupiga picha ya pamoja. Kabla sijajiandikisha huwa nauliza mwandaaji: tarehe 19 kutakuwa na nini? Akiwa na jibu, naenda. Akicheka tu, natafuta kwingine. Siku ya Usafi Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa umeipa tarehe 20 Septemba, naiona ina mizizi zaidi. Chimbuko lake ni Estonia, ambako mwaka 2008 watu wapatao 50,000 walijitokeza siku moja kuokota taka nchi nzima. Matokeo ya kazi yanaonekana kabla jua halijazama, na hiyo inasaidia sana kwa mtu anayejitolea kwa mara ya kwanza. Kisha kuna tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Umoja huo pia umeutangaza mwaka 2026 kuwa mwaka wa kimataifa wa kujitolea, kwa hiyo mashirika mengi yana sababu ya kufungua milango kuliko kawaida.

Sherehe zinazofuata mwezi mwandamo ni habari nyingine. Zile za kalenda ya Kiislamu husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mwaka mpya wa Kichina huhamahama kati ya Januari na Februari. Usitumie tarehe ya mwaka jana.

Ile miezi miwili niliyosema ni ya matukio ya mtaa na ya taasisi ndogo. Tukio likiwa kubwa, muda hurefuka hadi kushangaza. Michezo ya Olimpiki ya Paris ilifunguliwa Julai 2024 ikiwa na watu wa kujitolea wapatao 45,000. Maombi yao yalipokelewa kati ya Machi na Mei 2023, na waombaji walizidi 300,000. Aliyeanza kuulizia mwanzoni mwa 2024 alikuwa amechelewa kwa miezi. Matamasha makubwa ya muziki na filamu hayafiki huko, lakini nusu mwaka si jambo la ajabu.

Na yale matukio yasiyo na tarehe ya kudumu je? Hapo ndipo mdomo unapofanya kazi. Wengi hukimbilia kurasa za mitandaoni, ambazo nazo ni bango tu lililowekwa kwenye simu. Mimi huwauliza watu ambao kazi yao hutangulia tukio. Anayekodisha mahema na viti anajua tarehe kabla ya umma kujua. Mchapishaji wa mabango anajua, japo mwenye busara hatasema kila kitu. Mwimbaji wa kwaya anajua kwa sababu ameshaanza mazoezi. Lakini mfalme wao wote ni fundi sauti na taa. Jiji lolote, hata kubwa, huwa na mafundi wachache wanaoaminika, na kila mwandaaji anawagombania. Ukiwa na fundi mmoja unayesalimiana naye vizuri, una kalenda ya jiji nzima. Msalimie akiwa ametulia, asiwe katikati ya kuhangaika na kipaza sauti kinachopiga mluzi.

Ukishapata jina la mwandaaji, tuma ujumbe mfupi wenye vitu vitatu: unachoweza kufanya, siku na saa ulizo huru, na mtu anayeweza kukushuhudia. Epuka sentensi ile maarufu ya "nipo tayari kusaidia chochote." Inasikika kama ukarimu, lakini inamwongezea mwandaaji kazi, kwa sababu sasa ni yeye wa kukaa na kufikiri akupe nini. Linganisha na huu: "Naitwa fulani. Naweza kusimamia usajili wa wageni kwa lugha mbili, Ijumaa kuanzia saa kumi jioni na Jumamosi kutwa. Nimefanya hivyo kwenye maktaba ya mtaa. Msimamizi wangu pale yuko tayari kupigiwa simu." Huyu anajibiwa siku hiyo hiyo.

Ukijibiwa kwamba nafasi zimejaa, usiage. Omba uwekwe kwenye orodha ya akiba, na useme kwamba unaweza kuitwa hata siku yenyewe asubuhi. Kila tukio nililolifanyia kazi lilikuwa na watu waliojiandikisha kwa shangwe kisha hawakutokea. Waandaaji wanalijua hili na wanaliogopa. Mtu wa akiba anayepokea simu alfajiri na kufika kwa wakati hupata kazi nzuri kuliko aliyejiandikisha wa kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Watu huchagua vibaya hapa, kwa kuwa wanadhani kila zamu ni sawa. Getini utakutana na kila mtu, hutasikia wimbo hata mmoja hadi mwisho, na utagombezwa na wageni waalikwa wasiotaka kuonyesha kadi. Ni zamu nzuri kwa anayetaka kufahamika mtaani. Kuelekeza watu kwenye viti kunachosha mwanzoni tu. Mara taa zikizimwa, unabaki ndani na onyesho unaliona lote. Kuhudumia wasanii nyuma ya jukwaa kunatamaniwa na wengi, lakini usidhani utapiga soga na mwimbaji unayempenda. Utakuwa unatafuta taulo, chaja ya simu na mahali pa kuegesha gari. Anayetoa macho mbele ya watu maarufu haitwi tena.

Zamu ninayoipendekeza kwa mgeni ni ile inayokimbiwa: kubomoa. Onyesho limekwisha, wageni wameondoka, na kuna nyaya za kukunja, vyuma vya kufungua na viti mia kadhaa vya kupanga. Ni saa za usiku na mgongo utalalamika. Lakini hapo vyeo vimekufa. Mkurugenzi wa tamasha anabeba meza upande mmoja nawe upande wa pili, na mazungumzo yanayofanyika wakati huo huwezi kuyapata kwa barua pepe hamsini. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa katika sanaa ilitokana na zamu ya namna hiyo. Vaa viatu vilivyofunika vidole, beba tochi ndogo na glavu zako mwenyewe.

Kabla ya kukubali, yapo maswali usiyaonee haya. Zamu ni ya saa ngapi na mapumziko yako wapi? Nani msimamizi wangu? Kama naondoka usiku wa manane, nitarudije nyumbani? Nikiumia, nani anagharamia? Iwapo kazi inahusu watoto, uliza pia utaratibu wa kuwachunguza wanaokuja kujitolea; mwandaaji asiye na utaratibu wowote mkimbie. Na lipo swali zito kuliko yote: faida inakwenda kwa nani? Kikundi cha mtaa kinachohangaika kulipia ukumbi kina haki ya kuniomba muda wangu bure. Kampuni inayouza tiketi kwa maelfu ya watu na kugawana faida inatafuta vibarua wasiolipwa, hata ikiwapa fulana nzuri na kuwaita familia. Nimewahi kukataa mwaliko wa aina hiyo, na ningekataa tena. Nauli, maji na mlo kwa zamu ndefu ni kiwango cha chini hata kwa kikundi maskini.

Jambo la mwisho hufanyika wiki moja au mbili baada ya tukio, watu wakiwa wameshasahau. Waandaaji makini hufanya kikao cha tathmini, na mara nyingi wanaojitolea hawaalikwi kwa sababu tu hakuna aliyefikiria. Omba kuhudhuria. Nenda na mambo mawili uliyoyaona kutoka kwenye zamu yako: foleni ilikwama wapi, kibao gani hakikuonekana gizani. Hapo hapo omba cheti au barua yenye tarehe, kazi uliyofanya na idadi ya saa, maana mwezi ukipita hakuna atakayekumbuka. Kisha kaa kimya usikilize, kwa kuwa mwishoni mwa kikao mtu atauliza kama ukumbi uwekewe nafasi kwa wikendi ile ile mwakani, na jibu litatajwa ukiwa umekaa pale na kalenda yako.